Mwalimu Breki na Milima Saba

Mwalimu Breki alivunjika mguu kwa kulipiga teke tairi. Hakuanguka, hakugongwa, wala hakuwa ndani ya gari. Alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule ya udereva, mbele ya wanafunzi sita, akiwaonyesha namna ya kukagua gari kabla ya safari. Aliwaeleza kwamba tairi lenye upepo wa kutosha hujulikana kwa sauti yake likipigwa, kisha akalipiga kwa mguu wa kulia, naye siku hiyo alikuwa amevaa kandambili kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimelowa. Tairi lilikuwa na upepo wa kutosha kabisa.

"Mmesikia sauti?" aliwauliza wanafunzi, jasho likimtoka.

"Tumesikia, Mwalimu," walijibu. Mmoja akaongeza kwamba yeye alisikia sauti mbili.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kati ya hiyo, thelathini alikuwa ameimalizia kwenye kiti cha abiria, pembeni ya watu wasiojua kuendesha. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wake, na fundi wa shule alisema breki hiyo ndiyo iliyokuwa ikichakaa kwanza. Jina la Mwalimu Breki alipewa na wanafunzi. Walidai kwamba hata harusini, akimwona bwana harusi anakwenda haraka kidogo kumfuata bibi harusi, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu. Hawakuwa wametia chumvi sana. Mumewe aliwahi kumhesabia mara kumi na moja akikanyaga zulia wakati wa taarifa ya habari tu.

Mume huyo alikuwa mtu wa posta, aliyestaafu mwaka uliopita baada ya kupeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na tatu. Walikutana yeye akiwa mwanafunzi wake. Mwalimu alimfundisha miezi tisa, akampeleka kwenye mtihani mara tatu, na mara zote tatu mkaguzi alishuka garini akiwa ameshika kifua. Tatizo lilikuwa moja tu, na halikuwa na dawa: mtu wa posta hakujua kulia wala kushoto. Alijua kwamba vipo. Lakini ukimwambia "kata kulia," ilimbidi kwanza ajiulize ni mkono gani anaoshikia kijiko, na akimaliza kujiuliza, kona ilishapita na ukuta umeshafika. Mwisho wa mwezi wa tisa Mwalimu alimweleza ukweli, kwamba gari hataendesha maisha yake yote. Akasema sawa, amekubali, ila angependa kujua kama anaruhusiwa kuendelea kuja. Wakaoana mwaka uleule. Mpaka leo humwita mkewe Mwalimu, hata mbele ya wakwe.

Daktari alimfunga Mwalimu plasta kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti, akamwambia akae nyumbani wiki sita.

"Wiki sita nikifanya nini?" aliuliza.

"Ukipumzika."

"Hilo silijui," alisema Mwalimu, na alikuwa anasema kweli.

Waliishi ghorofa ya kwanza, juu ya saluni, na dirisha la sebuleni lilitazama barabara yenye nafasi za kuegesha magari pande zote mbili. Siku ya pili alisogeza kiti hadi dirishani. Siku ya tatu alianza kazi.

"Wewe mwenye shati la mistari! Hapo umeacha nafasi ya kuingia gari jingine zima! Toka uanze upya!"

Watu walitoka wakaanza upya. Sauti yake ilikuwa ya namna hiyo. Mtu aliitii kwanza, akajiuliza baadaye. Mzee mmoja aliegesha mara nne, kisha akaondoka zake bila kufanya alichokuja kufanya. Kufika siku ya sita, mwenye saluni, mama mmoja mnene mchangamfu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Saluni, alipanda ngazi akiwa na kitana kichwani.

"Mwalimu, dada yangu, pole na mguu. Lakini wateja wangu sasa wanaegesha mtaa wa pili na kuja kwa kunyata. Mmoja ameniuliza kama kuna mlango wa nyuma."

Mtu wa posta akampigia simu binti yao. Binti huyo, mwenye miaka ishirini na saba, aliuza dawa kwenye famasi na alikuwa na nyumba yake mwenyewe. Alikuja jioni na begi, akatoa mashine ya michezo ya runinga, akaunganisha nyaya, akamwekea mama yake pedi ya kuchezea mkononi.

"Mama, humu kuna magari. Wafokee hawa. Hawasikii, na hawana wateja."

Mwalimu alitazama gari lililotokea kwenye runinga. Aliigeuza pedi huku na huku.

"Mkanda uko wapi?"

"Umeshafungwa, Mama."

"Nani kaufunga? Mimi sijafunga."

"Umefungwa tu. Sasa taa zikiwa kijani, bonyeza hapa."

"Na indiketa?"

"Hakuna indiketa."

"Gari zuri hivi, halina indiketa?"

Taa zikawa kijani. Magari saba yakatoka kwa kishindo. Mwalimu alitazama nyuma, akatazama pembeni, akahakikisha barabara ni salama, ndipo akaondoka kwa mwendo wa thelathini. Kabla hajamaliza nusu ya raundi, magari yale saba yalitokea tena nyuma yake, yameshamzidi raundi nzima. Akasogea kando kuyapisha, kama mtu anavyolipisha gari la wagonjwa. Sita yakapita. La saba, la kijani, halikungoja apishe. Lilimgonga kwa nyuma, likamsukuma hadi kwenye majani, likaenda zake.

"Umeona?" Mwalimu aliruka kwenye kiti. "Umeona alichofanya huyu? Hata hakugeuka!"

Mashine ikaandika kwamba amemaliza wa nane.

"Bila kosa hata moja," alisema Mwalimu.

"Mama, haya ni mashindano."

"Nimeona. Na wote saba wanyang'anywe leseni."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Alipokuwa akiaga alimwonyesha mama yake mbio ndogondogo za kujifunzia, kisha akamwonya: "Ila huu ubingwa unaoitwa Milima Saba, uache. Ni mbio saba, kila mlima na mbio yake. Unakusanya pointi, na mwenye pointi nyingi mwisho ndiye anayechukua kombe. Ukiharibu, unarudishwa mlima wa kwanza. Mimi nimehangaika nao mwaka mzima na sijavuka mlima wa tano."

"Yule wa kijani yumo humo?"

"Yumo. Ndiye anayeshinda siku zote."

 Mlango ulipofungwa tu, Mwalimu akafungua Milima Saba.

Hakutaka kombe. Jambo hili alilisisitiza baadaye kwa kila aliyemuuliza. Alichotaka ni kumpita yule dereva wa gari la kijani mara moja, kwa utaratibu unaotakiwa, ili aone namna mtu mwenye adabu anavyompita mwenzake. Alimpa jina la Bwana Haraka. Baada ya siku tatu alikuwa hajampita. Baada ya siku tano alikuwa hajamwona hata mgongo, isipokuwa pale Bwana Haraka alipokuwa anamzidi raundi, na kila alipomzidi raundi alimsukuma majanini.

Ndipo Mwalimu akatoa daftari lile alilolitumia kazini kuandika maendeleo ya wanafunzi, akafungua ukurasa kwa kila gari. Gari la njano: hodari, hana subira. Gari la bluu: anaogopa kona za kushuka, arudie somo la nne. Gari jeupe: anaendesha kama ana usingizi. Bwana Haraka: hana adabu. Chini yake, kwa wino mwingine na baada ya siku mbili, aliongeza: ana kipaji.

Yeye mwenyewe alijipa alama tisa kati ya mia. Aliijua shida yake. Kila alipoiona kona, hata ile iliyokuwa mbali kama kijiji cha pili, kidole chake kilibonyeza breki, na wakati huohuo mguu wenye plasta ulishuka kutoka kwenye kigoda na kupiga sakafu, puu! Chini saluni, taa iliyoning'inia darini ilitikisika. Mama Saluni alizoea. Aliwaambia wateja kwamba Mwalimu amefika kwenye kona.

Siku moja mchana, mtu wa posta alikuwa mezani nyuma yake akipiga pasi mashati. Bila kuinua kichwa, akasema:

"Pale umefunga breki bure, Mwalimu. Baada ya ule mti pamenyooka mpaka kwenye nyumba yenye bati jekundu."

Mwalimu alisimamisha gari katikati ya mbio.

"Umejuaje?"

"Si nimeona. Mti, nyumba ya bati jekundu, kisha kona ndogo, kisha daraja, kisha kona mbili za kufuatana, ya pili kali kuliko ya kwanza. Halafu pana kituo cha mafuta kisichokuwa na mtu."

"Huo ni mlima wa tatu. Mlima wa nne je?"

Akamtajia mlima wa nne, kona moja baada ya nyingine, huku akinyoosha kola. Akamtajia wa pili. Kwa miaka thelathini na tatu alikuwa amebeba kichwani nyumba elfu mbili na mia kadhaa, na mbwa wake, na mageti yake yanayokwama. Barabara saba za kuchora, ambazo mashine ilizionyesha zote moja moja kila ubingwa ulipoanza, hazikumpa taabu yoyote.

"Acha pasi," alisema Mwalimu. "Njoo ukae hapa."

Akavuta kiti akakaa kando yake. Mbio zikaanza. Mtu wa posta akafungua kinywa kwa kujiamini.

"Kulia!" alisema, na barabara ikakata kushoto.

Walitumbukia bondeni. Wakaanza tena, naye akasema kushoto kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, wakatumbukia upande wa pili wa bonde lilelile. Mwalimu aliweka pedi magotini akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kama alivyomtazama siku ya mtihani wa tatu.

"Nyoosha mkono uonyeshe barabara inakoelekea," alisema mwisho.

Mtu wa posta alinyoosha. Hapo hakukosea hata kidogo. Mkono wake ulijua. Kilichokosea ni maneno.

"Upande huo katika chumba hiki kuna nini?"

"Mlango."

"Na upande ule?"

"Dirisha."

"Basi. Kulia na kushoto usiyataje tena humu ndani. Sema mlango, au dirisha."

Kuanzia siku hiyo mambo yalibadilika. Kona ya kulia ikawa mlango, ya kushoto ikawa dirisha. Kona nyepesi ikawa mlango wazi, ya wastani mlango nusu, na ile ya kujikunja ikawa mlango umefungwa. Mtu wa posta alisema mapema, kabla kona haijaonekana, na Mwalimu, akishajua kinachokuja, akaacha kufunga breki kwa hofu. Wiki ya tatu walivuka mlima wa tano. Wiki ya nne, siku ya Jumatano saa tano asubuhi, Mwalimu alikuwa mlima wa sita, raundi ya mwisho, anaongoza, na Bwana Haraka yuko nyuma yake kama kivuli.

Chini saluni, Mama Saluni alikuwa amemsuka mteja nusu kichwa. Kwanza alisikia plasta ikipiga sakafu, puu, puu, lakini hilo alilizoea. Kisha akasikia sauti ya mtu wa posta, mtu mpole asiyewahi kupandisha sauti hata kwa mbwa, akipiga kelele:

"Dirisha! Dirisha, Mwalimu! Anakuja nyuma yako! Usimpe nafasi! Mlango! Mlango umefungwa!"

Na sauti ya Mwalimu ikamjibu: "Namwona huyo mshenzi! Leo ataniua au nitamuua!"

Mama Saluni akaangusha uzi. Alitoka mbio kumwita mlinzi wa jengo, mwanamume mrefu mwenye rungu ambalo kwa miaka minane alilitumia kuzuia geti lisijifunge. Wakapanda ngazi: mlinzi na rungu mbele, Mama Saluni na chupa ya dawa ya kunyooshea nywele, na mteja nyuma yao, nusu ya nywele zikiwa zimesukwa na nusu zimesimama. Mlinzi akaupiga mlango kwa ngumi na kunguruma kwa sauti nzito:

"Mlango! Mlango haraka!"

Ndani, kidole cha Mwalimu hakikuuliza nani amesema. Kilikata kulia. Gari likavunja uzio, likaelea hewani kwa muda ambao mtu angeweza kusalimiana na jirani, likashuka bondeni na kuwaka moto.



"Nani kasema mlango?" aliuliza Mwalimu bila kugeuka.

"Si mimi," alisema mtu wa posta. "Mimi nilikuwa nasema dirisha."

Alipofungua, mlinzi aliingia ameinua rungu, akatafuta mwizi nyuma ya pazia, chini ya meza, na mwisho, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutafuta, ndani ya kabati la vyombo. Mama Saluni alimkumbatia Mwalimu akamkagua kichwa kama ana jeraha. Walipoelezwa kilichotokea, mlinzi alishusha rungu polepole.

"Kwa hiyo gari lile lililoungua..."

"Ndilo langu," alisema Mwalimu. "Nilikuwa naongoza."

"Pole sana," alisema mlinzi, akavua kofia, na alikuwa na huzuni ya kweli.

Mwalimu aliwakasirikia kama dakika tatu hivi. Kisha akarudishwa mlima wa kwanza, na wale watatu, badala ya kuondoka, waliomba kukaa kidogo waone. Mteja wa saluni alisukwa nusu iliyobaki palepale kwenye sofa, akipiga makofi kila gari la bluu lilipopunguza mwendo kwenye mteremko. Kesho yake alirudi na dada yake, ambaye nywele zake hazikuwa na shida yoyote.

Wiki ya sita ilipoingia, walikuwa wamemaliza milima sita. Pointi za Mwalimu na za Bwana Haraka zilikuwa sawasawa, arobaini na nane kwa arobaini na nane, na wengine walikuwa mbali sana nyuma. Hesabu ilikuwa nyepesi: katika mbio ya mwisho, kati ya hao wawili, atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa. Plasta ilikuwa itolewe Jumatatu. Walipanga kumaliza Jumamosi alasiri, ili Mama Saluni apate kufunga mapema na mlinzi awe amebadilishana zamu.

Walikuja watu tisa. Sofa halikutosha, na jua la alasiri lilikuwa linapiga kioo cha runinga mpaka huoni kitu. Mlinzi na mtu wa posta wakainyanyua runinga na meza yake, wakaipeleka ukuta wa pili unaotazamana na ule wa kwanza. Viti vikageuzwa. Kila mtu akasema sasa panaonekana vizuri, na kweli palionekana vizuri.

Mlima wa saba ulikuwa na ukungu. Ulikuwa mlima wa ukungu mzito kama maziwa, na barabara huioni mpaka uwe umeshaikanyaga. Mwalimu alipangusa viganja kwenye gauni. Taa zikawa kijani.

"Mlango nusu!" alisema mtu wa posta, kwa sauti tulivu.

Mwalimu akakata kulia, akapiga mwamba.

Watu wakaguna. Akarudi barabarani wa tano.

"Dirisha wazi!"

Akakata kushoto, akaingia mtaroni. Sasa alikuwa wa nane.

"Mzee, unammaliza mkeo!" alipiga kelele Mama Saluni.

"Nasema sawasawa! Mlango si ule pale?" Mtu wa posta alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, na watu wote wakageuka kutazama, na wote kwa pamoja wakaona kwamba mlango ulikuwa upande wa kushoto.

"Tumehamisha runinga!" mlinzi alijipiga paji la uso. "Mungu wangu, ni sisi tulioihamisha!"

Hapo chumba kikalipuka. Mlinzi akapaza sauti kulia, mteja wa saluni akapaza sauti kushoto, dada yake akasema waihamishe runinga hivihivi mbio zikiendelea, Mama Saluni akaanza kusali. Gari la Mwalimu lilikuwa limekwama kwenye mawe likitoa moshi.

"Nyamazeni wote!" alisema Mwalimu, kwa ile sauti ya dirishani.

Walinyamaza wote. Hata mtoto wa jirani wa ghorofa ya pili aliyekuwa akilia juu, alinyamaza.

Mtu wa posta akainuka kwenye kiti. Alisimama nyuma ya mkewe, akaweka mikono yote miwili kwenye mabega yake.  Alibonyeza bega moja, kidogo, na Mwalimu akakata upande ule, na barabara ikawa iko pale. Akabonyeza bega la pili kwa nguvu, na kona ya kujikunja ikapita chini ya magurudumu kama imenyooshwa pasi. Hakuna aliyesema mlango. Hakuna aliyesema kulia. Ndani ya ukungu ule alikuwa anaziona nyumba zake zote, na Mwalimu, mtu ambaye kwa miaka thelathini hakumwachia mtu yeyote usukani bila kuweka mguu juu ya breki yake, alikuwa anakwenda asipoona kwa sababu tu mkono uliokuwa begani haukutikisika.

Alilipita gari jeupe. Alimpita wa bluu kwenye mteremko, na wengine wawili baada yake. Raundi ya pili ikaisha, ya tatu ikaanza, na mguu wenye plasta ulikuwa umetulia kwenye kigoda.

"Wa nne," alinong'ona mlinzi. "Haraka wa tatu."

Na kweli, mbele yao katika ukungu ilionekana taa ya nyuma ya gari la kijani. Bwana Haraka alikuwa na siku mbaya. Yeye na gari la njano walikuwa wamegombania daraja, na wote wawili walikuwa wamechubuka. Mwalimu akakaa nyuma yake. Angeweza kumgonga. Mama Saluni alimsihi amgonge.

"Simgongi," alisema Mwalimu kwa meno yaliyobana. "Nampita."

Mkono wa kulia wa mumewe ukabonyeza. Mwalimu akasema kwa sauti, kwa sababu gari halikuwa na indiketa, "Natoka kulia!" akatoka kulia, akaenda sambamba naye, akamtazama alipokuwa anampita kama aliyetaka kuhakikisha kwamba mtu huyo anaelewa somo, akarudi mbele yake kwa ustaarabu. Chumba kizima kilipiga ukelele. Mstari wa mwisho ulikuwa hatua chache tu mbele, na katika furaha ile, Mwalimu akasahau na kufunga breki.

Puu!

Bwana Haraka, ambaye kufunga breki halikuwa jambo aliloliamini, alimparamia kwa nyuma kwa nguvu zote. Gari la Mwalimu likasukumwa, likageuka, likavuka mstari kwa matako. Gari la kijani likavuka likiwa nyuma yake kwa urefu wa boneti.

Mwalimu wa tatu. Bwana Haraka wa nne. Kombe likaanza kuzunguka kwenye runinga, na fataki zikapigwa juu ya milima.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwenye duka la mkate. Mlinzi alimnyanyua Mama Saluni, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana, wala yeye mwenyewe. Mteja wa saluni alilia. Mtu wa posta alikuwa bado amesimama palepale, macho kwenye runinga, jasho likimtiririka.

"Mume wangu," alisema Mwalimu, "mbio zimekwisha. Niachie bega, linauma."

"Samahani, Mwalimu," alisema, akaachia, kisha akalishika tena kidogo.

Ndipo mashine ikaandika jina la mshindi kwa herufi za dhahabu. Mteja wa saluni akalisoma kwa sauti: "Bingwa wa Milima Saba, Dawa Kali."

Wakatazamana.

"Dawa Kali ndiye nani?" aliuliza mlinzi.

Binti alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, na koti lake jeupe la famasi mkononi. Alisimama, akaona watu tisa, akaona fataki, akaona jina alilojipa mwenyewe siku aliyonunua mashine.

"Mama!" alipiga kelele. "Nimeshinda?"

Ilimchukua mtu wa posta muda kumtuliza Mwalimu. Binti alitafuta kwenye mashine sehemu ya kubadilisha jina, akaikosa, akasoma maelekezo, akaambiwa kwamba majina ya mabingwa hayafutiki. Mwalimu alisema basi iandikwe barua kwa wenye mashine. Mtu wa posta alijitolea kuipeleka mwenyewe. Mwishoni walipiga picha ya runinga, na Mwalimu akaandika jina lake kwa kalamu nyeusi juu ya picha hiyo, na wote waliokuwepo wakatia saini kama mashahidi, mlinzi akiweka na tarehe na saa.

Jumatatu plasta ilitolewa, na Jumatano binti alikuja kuchukua mashine. Mama yake alimpa bila ubishi, na nyaya zote zimekunjwa vizuri. Daftari alikataa kumpa.

"Mama, nilitazame tu. Siku moja."

"Haya ni maendeleo ya wanafunzi. Ni siri ya kazi."

Binti alibembeleza kwa simu wiki nzima. Mwisho Mwalimu akakubali kumfundisha, si kumwazima, na akampangia Jumapili saa nne asubuhi, asichelewe. Binti akaja na mashine kwenye begi, amejiandaa na milima yote saba. Somo la kwanza lilikuwa namna ya kukaa kwenye kiti. Lilichukua saa nzima na dakika kumi, mtu wa posta akitazama kutoka mezani na kutikisa kichwa kwa kukubaliana, na mashine haikutolewa kwenye begi.